Usiandike Mwaka

Mkutano uliisha saa nane na robo.
Saa nane na nusu ukumbi ulikuwa wangu,
mimi na fagio, na ubaridi wa viyoyozi
ambao hakuna aliyekumbuka kuuzima.

Nilihesabu, wala sikutumwa:
chupa za maji mia tatu na arobaini;
zilizonywewa hadi tone la mwisho, kumi na tisa.
Nyingine zilipigwa funda moja, kama mtu aonjaye mchuzi,
zikaachwa wima mezani zikitokwa jasho.
Nikazifungua moja moja, nikamwagia mchaichai nyuma ya jiko.
Mchaichai wetu huu wa Shangani
ulikuwa unanyweshwa na kampuni ya korosho.

Maputo ya kijani (kijani, eti, kwa ajili ya mada).
Na juu ya jukwaa, mita sita kwa mbili,
bango: TUTUNZE MAZINGIRA,
chini yake tarehe, na kando ya tarehe, mwaka.
Plastiki tupu. Ukilikunja linalia kama kuku aliyeshikwa.
Nikalibeba kichwani mpaka Chuno.
Leo ni ukuta wa bafu la mama Nangoma;
ukioga humo, unasomeshwa.

Mwaka uliofuata akaja kijana wa ofisini, Mfaume Nampota,
suruali imenyooshwa pasi hadi inakata.
Kapewa kazi: mkutano usioacha uchafu.
Mshauri wa Dar alikwisha kumpa kurasa sitini,
zimechapwa upande mmoja.
"Dada Somoe," akasema, "nasikia wewe unazijua taka zetu."
Nikacheka. Mpishi anajua mgeni alichokula,
mfagizi anajua alichosaza.

Andika, nikamwambia.
Bilauri zipo, mia mbili, kabatini,
zimefungiwa tangu ukumbi uwe wa kisasa. Ufunguo ninao.
Binti Chilumba wa Mikindani anafinyanga mitungi,
na maji ya mtungi hayasubiri friji.
Madirisha haya yaliwekwa ili yafunguke:
upepo wa Shangani hauingizwi kwenye luku.
Kisha pigeni simu, mtu aseme anakuja au haji,
maana mnapikia mia nne wakaja mia mbili
na mbwa wa mtaani wananenepa kuliko wanahisa.
"Na vitafunio?"
Ming'oko.
"Dada, wakurugenzi watakula ming'oko?"
Kwani walikuzwa kwa nini?

La ndege sikulisema,
wakubwa saba kuruka kuja kusoma ajenda
ambayo ingewafikia hukohuko vitini mwao.
Nililimeza. Lakini nilimwona Mfaume
akiliandika mwenyewe, kwa herufi ndogo,
akalitazama,
akalikata.

Bango likashonwa na fundi Bakiri, marekani nzito,
herufi za vitenge vilivyobaki.
"Tuweke mwaka gani?"
Usiandike mwaka, nikasema.
Mwaka ndio unaoliua bango.

Siku yenyewe haikuwa nzuri sana.
Upepo ulipeperusha taarifa ya mapato hadi mlangoni,
mhasibu akaikimbiza, watu wakacheka, wakaamka usingizini.
Ming'oko iliisha kabla ya sala.
Chupa niliokota kumi na moja,
za meza kuu, waliouonea shaka mtungi.

Lakini bilauri mia mbili hazijioshi.
Saa moja usiku nilikuwa bado karoni,
vidole vimekunjamana kama mabibo ya juzi,
nikifikiri: kumbe usafi wao ni mgongo wangu.
Kesho yake nikampigia Mfaume.
Andika na hili, nikamwambia:
waoshaji wawili, posho yao mkononi, siku ileile.
Akanyamaza kidogo. Nikasikia kalamu.

Bango liko kabatini, limekunjwa, halilii.
Na mchaichai umeanza kusinyaa majani,
haujui kilichotokea.
Jioni nimeupelekea ndoo, mimi mwenyewe,
maji ya suuzo.